Musashi tunayemjua alitungwa gazetini

Mwombe mtu yeyote anayependa stori za Japani akusimulie habari za Miyamoto Musashi, yule samurai bingwa wa mapanga, atakwambia jamaa alipigana vita ya Sekigahara mwaka 1600 upande ulioshindwa, akatoroka na rafiki yake Matahachi, akageuka muhuni wa porini mpaka mtawa Takuan akamkamata na kumning'iniza juu ya mti, akaja kufungiwa chumbani kwenye ngome ya Himeji miaka mitatu anasoma vitabu tu, akatoka humo mtu mwingine kabisa, na kuna binti anaitwa Otsu anamfuata maisha yote na hampati. Stori tamu sana. Ila Matahachi hakuwepo. Otsu hakuwepo. Takuan alikuwepo kweli, alizaliwa 1573 akafa 1645, lakini hakuna karatasi hata moja inayoonyesha aliwahi kukutana na Musashi, sembuse kumfunga mtini. Vyote hivyo vimetoka kwenye riwaya ya Yoshikawa Eiji iliyokuwa inatoka kwa vipande kwenye gazeti la Asahi kuanzia 1935 mpaka 1939. Komiki ya Vagabond iliyoanza 1998 imejengwa juu ya riwaya hiyohiyo na kuna sinema zake pia, kwa hiyo mtu anamkuta Musashi sehemu tatu tofauti, anaona zinafanana, anadhani ameshathibitisha, kumbe chanzo ni kimoja.

Tunachokijua kwa uhakika ni kidogo mno. Musashi aliandika kitabu chake cha mapigano, Gorin no Sho, alikianza 1643 akiwa mtu mzima sana kule Higo, upande wa Kumamoto ya sasa, akafa 1645. Kwenye utangulizi anasema ametokea Harima, anasema pambano lake la kwanza alikuwa na miaka 13 na alimshinda mtu anaitwa Arima Kihei, na kwamba mpaka anakaribia miaka 30 alikuwa ameshapambana zaidi ya mara 60 na hakupoteza hata moja. Sasa lile pambano maarufu kuliko yote, la kisiwa cha Ganryujima dhidi ya Sasaki Kojiro, ambalo kwa kawaida linawekwa mwaka 1612, mwenyewe hajaligusa hata kwa sentensi moja. Mtoto wake wa kulea, Miyamoto Iori, alisimamisha jiwe la kumbukumbu kule Kokura mwaka 1654, na maandishi ya jiwe yanasema wapiganaji wote wawili walifika kwa wakati mmoja. Ile ya Musashi kuchelewa makusudi ili mwenzake apandishe hasira, na kuchonga kasia liwe upanga wa mbao, imekaa kwenye andiko la Nitenki la mwaka 1776, yaani zaidi ya miaka 130 tangu Musashi azikwe. Halafu kuna kumbukumbu za ukoo wa Numata, za 1672, hizo zinasema jambo zito zaidi: kwamba kulikuwa na makubaliano wanafunzi wasije, Kojiro akayaheshimu, Musashi akaja na wa kwake wakajificha, na Kojiro alipozinduka baada ya kupigwa wale wanafunzi ndo wakammaliza.

Yoshikawa akachukua ile iliyoandikwa mwishoni kabisa, kwa sababu ndo yenye utamu. Mi simlaumu kwa hilo, na mwenyewe hakuwa mdanganyifu, baadaye aliandika makala kuhusu Musashi akasema wazi kwamba habari zake za kuaminika zikikusanywa zote zinajaa kurasa chache tu. Alijua anachofanya. Ninachokipinga ni namna sisi wasomaji na hata wahakiki tunavyopima hizi kazi, maana ukisoma mabishano kuhusu usahihi wa riwaya za masamurai utakuta watu wanahesabu makosa madogomadogo, sijui kimono hii ilikuja baadaye, sijui upanga ule ulivaliwa vile, sijui mji huu ulikuwa bado haujaitwa hivo. Sawa, hayo yasahihishwe, mhariri makini anayaondoa ndani ya wiki. Kipimo ninachokiamini ni kingine kabisa: pale ambapo kumbukumbu zimenyamaza, mwandishi amepaweka nini, na je, hicho alichoweka kingeweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu wa enzi ile?

Tumpime Musashi hivo. Kwenye riwaya ni kijana anayeitafuta nafsi yake, upanga kwake ni njia ya kuusafisha moyo, kila pambano linampandisha ngazi moja ya kiroho. Ukikumbuka kwamba stori ilikuwa inatoka gazetini wakati Japani inaingia vita kamili na China mwaka 1937, na kwamba waliokuwa wanaisoma ni wazazi wa vijana wanaopelekwa huko, unaelewa kwa nini kijana anayejitiisha kwa nidhamu aligusa watu kiasi kile. Huyo ni mtu wa miaka ya 1930. Musashi wa kwenye Gorin no Sho anaongea lugha kavu, anazungumzia kukata, kumvuruga adui, kushinda, anasema usipendelee silaha moja kuliko nyingine, anakiri kabisa kwamba ukiwa ndani ya ngome bunduki haina mfano. Maisha yake ya baadaye ni ya mtu anayehama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine akiishi kama mgeni mwenye ujuzi, na kwenye kuzima uasi wa Shimabara mwaka 1638 kuna barua yake anasema alipigwa jiwe la mguuni. Jiwe lililorushwa na wakulima wa ngomeni! Mi hiyo barua naipenda kuliko mapambano yote ya kisiwani, kwa sababu pale unaona mtu wa miaka hamsini na kitu, bingwa wa mapanga, yuko chini ya ukuta na mguu unamuuma.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hawaligusi, kwamba hata hayo maandiko ya kale tunayoyaita ushahidi, mengine yalikuwa stori tamu za wakati wake. Chukua vita ya Nagashino ya 1575, mbabe wa kivita Oda Nobunaga dhidi ya mpinzani wake Takeda Katsuyori. Picha tuliyonayo wote ni bunduki 3,000 zimepangwa safu tatu, safu moja inapiga nyingine inashindilia, farasi wa Takeda wanaanguka kama mvua. Ota Gyuichi, ambaye alimtumikia Nobunaga na akaandika habari zake, hana hiyo ya kupokezana safu. Aliyeileta ni Oze Hoan, mwanzoni mwa karne ya 17, alikichukua kitabu cha Gyuichi akakiongezea ladha, kikasomwa sana, na kufikia enzi ya Meiji (1868 mpaka 1912) jeshi lenyewe la Japani likaiingiza kwenye historia yake rasmi ya vita kama jambo lililotokea. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya anayejitetea kwamba yeye amefuata vyanzo vya zamani bado hajanijibu. Chanzo kipi? Kiliandikwa miaka mingapi baadaye, na aliyekiandika alitaka kumfurahisha nani? Na wale farasi wenyewe, farasi wa asili wa Japani ni wafupi, mabegani wanafika kama sentimita 130 au chini ya hapo, na padri Luis Frois aliyeishi kulekule aliandika kwamba Wajapani wakitaka kupigana wanashuka kwenye farasi. Soma riwaya yoyote ya Nagashino halafu uangalie ukubwa wa farasi wake.

Sanada Yukimura, samurai mwingine maarufu, naye ni hivohivo. Mtu aliyekufa Osaka mwaka 1615 alijiita Nobushige, kwenye barua zake anasaini hivo, jina la Yukimura limetoka kwenye masimulizi ya vita ya mwaka 1672, na wale mashujaa wake kumi akiwemo Sarutobi Sasuke ni wa vitabu vya bei rahisi vya miaka ya 1910. Leo hii ukimtaja Nobushige watu wanauliza ni nani.

Ila mfano unaonionyesha vizuri zaidi hii habari ya ukimya ni wa wale ronin 47, yaani masamurai waliobaki bila bwana. Mwezi wa nne 1701, ndani ya ngome ya Edo, Tokyo ya sasa, bwana wao Asano Naganori anachomoa upanga mfupi anamjeruhi Kira Yoshinaka, na siku hiyohiyo anaamriwa ajiue. Kwa nini alifanya vile? Hakuna anayejua. Waliokuwepo waliandika tu kwamba alitamka habari ya kinyongo, na hakueleza kinyongo gani, na muda wa kumhoji vizuri haukuwepo kwa sababu kufikia jioni alikuwa ameshakufa. Hapo katikati ya tukio zima kuna shimo, na kila kizazi kimelijaza kinavyotaka. Mchezo wa vikaragosi wa Kanadehon Chushingura, ulioonyeshwa Osaka mwaka 1748, ulihamishia kisa chote karne ya 14 na kubadilisha majina kwa sababu sheria ilikataza kuigiza mambo ya masamurai wa wakati ule, na sababu ya ugomvi ikawa ni mzee kumtamani mke wa mwenzake. Masimulizi ya baadaye yakaleta rushwa, kwamba Kira alitaka zawadi nono ndipo amfundishe Asano taratibu za kupokea wageni wa mfalme. Riwaya nyingi zimeshika hiyo ya rushwa mpaka imekuwa kama ukweli, na Kira amebaki mzee mwovu na mlafi duniani kote, wakati kijijini kwao, kule ambako leo ni mkoa wa Aichi, watu wanamkumbuka kama bwana mwema aliyewajengea tuta la kuzuia mafuriko.

Hapa ndo mi nasema usahihi una uzito wa haki kwa mtu. Kira alikuwa na jina, familia na watu waliomtegemea, na baada ya wale 47 kumkata kichwa usiku wa Januari 1703 mjukuu wake aliyemrithi alinyang'anywa kila kitu. Mwandishi anayejaza shimo kwa rushwa amemhukumu mtu bila ushahidi. Angeweza kuliacha shimo likae pale pale, aandike Asano ambaye hata watumishi wake hawajui kilichomsibu, halafu wanaume 46 kati ya wale 47 wanakufa kwa ajili ya sababu ambayo hawajawahi kuambiwa. Mbona hiyo ndo stori kubwa zaidi? Wanakula kiapo, wanasubiri karibu miaka miwili, wanaacha wake na watoto, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema bwana wetu alikasirikia nini.

Tokugawa Ieyasu, shogun aliyeanzisha utawala wa ukoo wake, nitampitia haraka. Yamaoka Sohachi alimwandika kuanzia 1950 mpaka 1967, juzuu 26, Japani imetoka kupigwa mabomu na watu wana njaa ya amani, na Ieyasu wake akawa mtu aliyetamani amani maisha yake yote, mpaka mabosi wa makampuni wakawa wanaisoma kama kitabu cha uongozi. Naelewa kabisa hitaji lile. Ila mtu akinipa riwaya yoyote ya kumsifu Ieyasu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni Kunimatsu, mtoto wa mpinzani wake Toyotomi Hideyori, aliyekatwa kichwa hadharani Kyoto mwaka 1615 baada ya Osaka kuanguka, akiwa na miaka kama minane. Amepewa kurasa ngapi? Kama amepewa mstari mmoja, najua mwandishi amemlinda mtu wake.

Shiba Ryotaro ni kazi ngumu zaidi kumhukumu, kwa sababu ana kipaji kikubwa na amesoma nyaraka kuliko wanahistoria wengi. Riwaya yake kuhusu Sakamoto Ryoma ilitoka gazetini kuanzia 1962 mpaka 1966 na ndo iliyomfanya Ryoma awe kipenzi cha taifa, kijana mcheshi wa Tosa anayeiona Japani mpya kabla ya wengine, anayeyapatanisha majimbo hasimu ya Satsuma na Choshu mwaka 1866 karibu peke yake, halafu anauawa Kyoto mwishoni mwa 1867 akiwa na miaka 31. Nakaoka Shintaro aliyehangaika na upatanisho huohuo na kuuawa kwenye shambulio hilohilo amebaki kivulini. Ile mipango minane ya serikali mpya inayosemwa Ryoma aliiandika akiwa melini, nakala yake ya asili haipo, na wanahistoria wengi sa hivi wanaona ilitungwa baada yake. Mwaka 2017 kundi la walimu wa historia wa sekondari na vyuo lilipendekeza majina ya kukariri kwenye vitabu vya shule yapunguzwe na Ryoma akawa mmoja wa wanaoondolewa, watu wakaja juu nchi nzima. Ukiwasikiliza waliokuwa wanalalamika, unagundua wengi walikuwa wanamtetea Ryoma wa 1962.

Kinachonisumbua kwa Shiba ni staili yake moja. Anasimulia, watu wanaongea, mapanga yanatoka, halafu ghafla anasimamisha kila kitu anaingia kwa sauti yake mwenyewe, anakupa maelezo ya pembeni kuhusu ukoo fulani au bei ya mchele au barua aliyoiona mahali, na maelezo hayo mengi ni ya kweli. Msomaji anamwamini. Kisha anarudi kwenye mazungumzo ambayo ameyabuni kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ule uaminifu uliojengwa na maelezo ya pembeni unafunika na ya kubuni pia. Hakuna mshono unaoonekana. Kama ningekuwa mhariri wake ningemsihi aweke kurasa mbili mwishoni, aseme hiki nilikikuta, hiki nilikijaza. Kurasa mbili tu, uzuri wa riwaya haupungui hata chembe.

James Clavell kwenye Shogun ya 1975 aliikwepa hiyo kwa kubadilisha majina yote. William Adams, mwongoza meli Mwingereza aliyefika Kyushu mwezi wa nne 1600 kwenye meli ya Kiholanzi ya Liefde, akawa Blackthorne. Ieyasu akawa Toranaga. Hosokawa Gracia, mke Mkristo aliyekufa Osaka mwaka 1600 kwa mkono wa mtumishi wa nyumba kwa sababu dini ilimkataza kujiua, akawa Mariko. Kubadilisha majina ni njia ya heshima, inampa mwandishi uhuru na inamwambia msomaji hapa usichukue historia. Ila kilichotokea wasomaji wakarudisha majina wenyewe, na sasa wapo wanaoamini Adams alipendana na Gracia wakati hakuna dalili hata moja kwamba waliwahi kuonana. Na kwa kipimo changu cha kichwa, Blackthorne anapita vizuri, ni baharia wa Kiingereza mwenye chuki ya Wakatoliki kama ambavyo angekuwa, wakati Wajapani waliomzunguka wanakaa kufikiria kifo asubuhi mpaka jioni kana kwamba hawana mashamba ya kusimamia. Masamurai walikuwa na madeni, walikuwa na kesi za mipaka na mabinti wa kuozesha. Barua zao zimejaa hayo.

Anayenishangaza kwa uzuri ni Endo Shusaku, kwenye riwaya yake ya 1980 kuhusu Hasekura Tsunenaga. Habari ya kweli ni hii: Date Masamune, bwana wa Sendai, alimtuma Hasekura mwaka 1613 na watu kama 180 kwenye meli ya San Juan Bautista, wakavuka mpaka Meksiko, wakafika Hispania, Hasekura akabatizwa Madrid mwezi wa pili 1615 mbele ya mfalme Felipe III, akaonana na Papa Paulo V Roma mwaka huohuo, akarudi nyumbani 1620 akakuta Ukristo umeshapigwa marufuku, akafa 1622. Muda mfupi kabla ya safari baba yake alikuwa ameamriwa kufa kwa kosa la ubadhirifu na ardhi ya familia kuchukuliwa, yaani safari ile ilikuwa ndo nafasi ya mtoto kuiokoa nyumba. Madaftari aliyoyaandika njiani yalipotea. Kwa hiyo swali ambalo kila mtu anataka kuuliza, je, aliamini kweli au alibatizwa kwa ajili ya kazi, halina jibu.

Endo alibadilisha vitu vingi. Hasekura wa kweli alikuwa askari aliyeshapigana Korea, wa Endo ni samurai mnyonge wa vijijini, mtu wa kimya anayeipenda ardhi yake mbovu ya bondeni na hataki kwenda popote. Mwisho wake pia kaubadilisha. Ukimhesabia makosa anafeli. Lakini angalia alivyolijaza lile shimo: samurai wake anabatizwa kwa sababu bwana wake anataka biashara, anaona aibu, haelewi kabisa kwa nini watu wanamwabudu mtu aliyekonda kiasi kile msalabani, na imani inapoanza kumwingia inaingia kupitia utii uleule alioukuta kwao, kupitia kumtumikia bwana ambaye mwishowe anamtupa. Hajawahi kusimama akasema mimi nimechagua. Mtu wa 1615 kutoka Sendai asingesema hivo, hilo neno lisingekuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake. Endo alikuwa Mkatoliki wa karne ya 20 na maumivu anayoyaandika ni yake mwenyewe, hilo liko wazi, ila aliyapitisha kwenye njia ambazo mtu wa enzi ile alikuwa nazo. Hiyo ndo kazi ninayoiita sahihi, pamoja na makosa yake yote.

Sasa tuje kwa Yasuke, mtu mweusi aliyemtumikia Nobunaga, ambaye sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi tunamgombania kwa moyo wote, na nakubali kabisa kwamba na mimi namtaka. Yaliyoandikwa na watu wa wakati wake yanaenea kwenye meza ndogo. Alifika Japani 1579 pamoja na Alessandro Valignano, mkaguzi wa Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki. Mwaka 1581 alipelekwa Kyoto, watu wakasongamana kumwona mpaka wengine wakaumia, Nobunaga akaitisha aletwe, hakuamini rangi yake akaamuru avue nguo za juu. Ota Gyuichi anasema alionekana wa miaka 26 au 27, mwenye nguvu kushinda watu kumi, na nakala moja ya kitabu chake inaongeza kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Barua ya padri inasema alikuwa anaongea Kijapani kidogo, Nobunaga hachoki kuongea naye, na mjini kuna uvumi kwamba atapewa ubwana. Matsudaira Ietada kwenye shajara yake ya 1582 anaandika jina, Yasuke, na urefu unaokaribia sentimita 188. Mwezi wa sita mwaka huo jemadari Akechi Mitsuhide anamgeuka Nobunaga kwenye hekalu la Honnoji, Kyoto, Yasuke anakwenda kupigana upande wa mtoto wa bwana wake, Nobutada, anapigana muda mrefu, anasalimisha upanga, na Akechi anasema huyu hajui kitu wala si Mjapani, mpelekeni kwa mapadri. Baada ya hapo kimya.

Habari ya kwamba alitoka Msumbiji iliandikwa na Mjesuiti Mfaransa mwaka 1627, miaka 45 baadaye. Inawezekana kabisa, Valignano alipita Msumbiji akielekea Goa na meli za Wareno zilibeba watu wetu wengi, lakini ni sauti moja na imechelewa. Jina alilopewa na mama yake hatulijui. Lugha yake hatuijui. Tangu kitabu cha watoto cha Kijapani cha 1968 mpaka vitabu vya Kiingereza, katuni na magemu ya siku hizi, amepewa kabila, amepewa utoto wa vita, amepewa mapenzi, mapambano ya upanga ya mmoja kwa mmoja, na maisha marefu baada ya Honnoji. Vingine vimekuja vimevaa nguo za historia na si za riwaya, na hivo vimeharibu zaidi, kwa sababu watu waliomchukia Yasuke tangu mwanzo walipokuta yaliyobuniwa wakapata kisingizio cha kukana na yale ya kweli. Mabishano ya 2024 kuhusu gemu moja kubwa yalikuwa hivohivo, upande mmoja unasema alikuwa jenerali, mwingine unasema alikuwa mbeba mizigo tu, wakati posho, nyumba, upanga na kupigana mpaka mwisho vinatosha kabisa kuonyesha kwamba Nobunaga alimweka miongoni mwa watu wake wa karibu.

Kwa kipimo changu, riwaya nyingi za Yasuke zinafeli kichwani. Wanampa mawazo ya mtu mweusi wa mjini wa leo, anajitambulisha kama Mwafrika, anaona Uafrika wake kama bendera. Mtu wa 1581 kutoka pwani ya Msumbiji angejijua kwa ukoo wake, kwa mwenyeji wake, kwa dini aliyozaliwa nayo au aliyobatiziwa. Alishafika pengine Goa na Macau, alishaona Wahindi, Wachina, Wareno na Waitaliano, alishajifunza kuishi kwenye nyumba za watu wasiomjua na kusoma uso wa bwana kabla bwana hajafungua mdomo. Mtu wa namna hiyo anaposimamishwa kifua wazi mbele ya Nobunaga anakaguliwa ngozi, ana ujuzi mkubwa sana wa kunyamaza. Mi nataka kusoma hicho kichwa. Nataka nisome anavyojifunza Kijapani, nani alimfundisha, alikuwa anaongea nini na Nobunaga hizo saa zote, na nani ndani ya ile nyumba alikuwa anamwonea wivu.

Atakayemwandika kwa Kiswahili, na natamani aanze mtu mwaka huu, asimpe kabila kwa sababu wasomaji tutafurahi. Akitaka kumpa utoto wa Msumbiji ampe, ila ajue anategemea sauti moja ya 1627 na aseme hivo kwenye kurasa za mwisho. Kati ya 1581 na 1582 ana miezi kama kumi na tano iliyojaa watu halisi, Gyuichi, Ietada, Mitsuhide, mapadri, Nobutada, na hiyo inatosha riwaya nene. Na akifika kwenye ile siku Yasuke anarudishwa kwa mapadri, upanga wameshauchukua na bwana wake amekufa, akiona lazima aendelee na miaka mingine ishirini ya meli na vita, aifungue hiyo kama sehemu ya pili kabisa, na ukurasa wake wa kwanza uandike kwamba kuanzia hapa ni yeye mwandishi.